Gari la Huzaifa Siku ya Maziko

Huzaifa bin Zein ana duka la mabuibui Bondeni, na katika kazi hiyo hana mpinzani. Mwanamke akipanda ngazi za duka, yeye tayari ameshajua urefu wa vazi lake, na hakosei hata kwa upana wa kidole. Angetosheka na hayo, watu wangemtaja kwa heri tu. Lakini kila mja ana mtihani wake, na wa Huzaifa ulikuja melini kutoka Japani, ukiwa na magurudumu manne.

Lilikuwa Subaru la buluu, kuukuu kidogo. Mwenyewe wa kwanza alilitumia kama gari, akapanda, akafika aendako, akashuka. Huzaifa hakutaka gari, alitaka kitu cha kutazamwa. Alianza na ekzosi. Aling'oa ile iliyokuja nayo akatia nyingine nene kama birika la kahawa, na tangu siku hiyo paka wa Bondeni wakajifunza kukimbia kabla hawajamwona. Akatia tabo kubwa ya kuiongezea injini nguvu, akatia rimu za rangi ya dhahabu, akatia viti vya mashindano vyenye mikanda inayopita mabega yote mawili. Nyuma, juu ya buti, akapachika bawa. Kazi ya bawa, alieleza barazani, ni kulikandamiza gari lisiruke likienda kasi.

"Kasi ya kwenda wapi?" akauliza Ami Mzamil, mzee mnene mwenye magoti mabovu, sahibu wa babake Huzaifa tangu walipokuwa chuo cha Kurani. "Safari yako ndefu ni kwenda Liwatoni kununua samaki."

"Ami, ni mambo ya upepo. Upepo ukipita juu ya bawa..."

"Upepo wa Mombasa huu? Huu haupiti hata dirishani mwangu."

Baraza nzima ikacheka, na Huzaifa akacheka nao, kwa sababu alijua kwamba hawajui.

Jambo moja hakulieleza barazani. Yeye na mkewe Aida walikaa Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakipishana na mikoba ya soko, mmoja husimama ubavu. Gari halikuwahi kuiona nyumba yake. Lililala Bondeni mbele ya duka, limefunikwa shuka mbili, na mwenyewe akarudi kwa miguu kila jioni, funguo zikining'inia kidoleni ili watu wajue kwamba anatembea kwa hiari.

"Nikiugua," Aida alimwambia siku moja, "utanibeba mgongoni mpaka kwenye gari, au ukishanibeba utaendelea tu mpaka hospitali?"

"Wewe huoni thamani ya vitu."

"Shuka naziona. Zile ni zangu."

Babake, Bwana Zein, Mola amrehemu, alikuwa mshona makubadhi. Alikaa chini mlangoni pake na ngozi yake na uzi wake, akashona viatu ambavyo watu waliviacha kwenye milango ya misikiti yote ya mji. Hakupenda maneno mengi. Ramadhani moja, watu wakiwa kwenye tarawehe, Huzaifa alipita nje na ekzosi ile ikapasuka kama fataki, mara tatu. Imamu akapotewa na aya. Baada ya swala akageuka akauliza, "Yule ni mwana wa nani?" Watu wote wakatazama mikeka. Bwana Zein akainua mkono. "Wangu," akasema.

Hakumgombeza mwanawe. Huzaifa ndiye aliyekwenda kujieleza, na katika kujieleza akaahidi kumnunulia mzee kiti kizuri cha kukalia kazini, na feni, na hiki na kile. Bwana Zein akakata uzi kwa meno.

"Usininunulie kitu," akasema. "Nataka moja tu. Siku yangu ikifika, wewe uingie kaburini unipokee. Unilaze ubavu wangu wa kulia, unielekeze kibla. Asinipokee mtu mwingine wakati mwanangu mkubwa yupo."

"Inshallah, Baba. Allah akupe umri."

"Umri atanipa anavyotaka. Wewe nijibu nililosema."

"Nitakupokea, Baba."

Mamake, Bi Sheikha, alisikia kutoka jikoni. Nduguye mdogo, Fuad, alisikia pia. Hapakuwa na mtu nyumbani asiyejua.

Miezi ikapita, na Huzaifa akapata msiba wa kwanza, ambao haukuwa wa mtu. Wenye magari kama lake hukutana Jumapili jioni ufukweni, wakayapanga mstari, wakafungua maboneti, wakatazamana injini kama wanawake wanavyotazamana hina. Jumapili hiyo mmoja wao alichukua kiberiti, akakisimamisha wima chini ya bampa la Huzaifa, akakisukuma. Kiberiti kikapita kikatokea upande wa pili. Kwao, gari ambalo kiberiti hupita wima chini yake halijashuka vya kutosha. Mmoja alikohoa tu. Huzaifa alirudi nyumbani, akakataa biriani.

Asubuhi yake alikuwa gereji kwa Karisa.

"Shusha."

"Bosi, nilishashusha mwezi ule."

"Shusha tena."

Karisa akalala chini ya gari, akatazama, akatoka. "Nikikata springi hizi tena utakuwa unatembea kwa tumbo. Matuta je?"

"Matuta nayajua."

Na kweli aliyajua. Tangu siku hiyo Huzaifa alikijua kila kivimbe cha kisiwa hiki kama hafidhi anavyojua sura. Kila tuta alilipita mshazari kama kaa, gurudumu moja moja, huku tuktuk zikipanga foleni nyuma yake zikipiga honi. Mtu aliyenunua gari la kasi kuliko yote mtaani akawa ndiye mtu wa mwisho kufika popote.

Bwana Zein alifariki Alhamisi baada ya alfajiri, juu ya msala wake, bila kumsumbua mtu. Kifo chema namna hiyo Mola atujaalie sote. Huzaifa na Fuad walimwosha pamoja, wakamvika sanda, na mikono ya Huzaifa, iliyozoea kitambaa, ilikunja ile sanda vizuri mno hata mwoshaji aliyekuja kuwaongoza akaacha kazi yake kumtazama. Hapo alikuwa mtoto wa babake kabisa. Maziko yangalikuwa mle ndani ya nyumba, hadithi hii isingekuwapo.

Alasiri maiti akaswaliwa msikitini. Makaburini si mbali, na tangu zamani watu huenda kwa miguu, jeneza likipita bega hadi bega, kila mtu akitaka hatua zake chache za thawabu. Huzaifa alikuwa amelileta gari mpaka barabarani, karibu na msikiti. Lilikuwa limeoshwa.

"Ami Mzamil hawezi kutembea," akamwambia Fuad. "Nitamchukua mimi. Tutatangulia, jeneza likifika nitakuwa juu ya kaburi nangoja."

"Ami apande tuktuk, kaka. Twende kwa miguu."

"Sahibu wa Baba apande tuktuk? Leo?"

Fuad akamtazama. "Twende kwa miguu," akarudia.

Lakini Huzaifa moyoni aliona kwamba analofanya ni heshima. Aliona kwamba babake anastahili kutanguliwa na kitu kizuri alichonacho mwanawe. Na kama wale wa Jumapili nao walikuwa wamekuja na kusimama kando wakitazama, basi hilo lilitokea tu.

Kumwingiza Ami Mzamil kwenye kiti cha mashindano kulihitaji watu wawili. Huzaifa akamfunga mikanda.

"Mbona wanifunga kama mtoto anayekwenda kutahiriwa?"

"Ni usalama, Ami."

"Usalama wangu nilikuwa nao nje."

Wakaondoka polepole, ekzosi ikinguruma kwa adabu. Huzaifa alipinda kona ya mwisho akaliona tuta ambalo hakulijua. Lilikuwa la saruji, jipya, pana na refu kwenda juu. Wakazi wa pale walikuwa wamechanga wakalijenga wenyewe wiki ile ile kwa kuchoshwa na vijana wanaopita na magari ya makelele. Kwa ufupi, lilijengwa kwa ajili yake. Kupita mshazari hakukuwezekana, maana magari ya waliokuja mazikoni yalisimama kando zote mbili. Kurudi nyuma hakukuwezekana, maana nyuma ilishasikika: "La ilaha illallah... la ilaha illallah..."

Akapanda. Magurudumu ya mbele yakavuka. Kisha kukasikika mkwaruzo mrefu ambao Ami Mzamil baadaye aliufananisha na ngamia anayeng'olewa jino, na gari likakaa juu ya tuta kwa tumbo, uzito wa Ami ukilikandamiza vizuri kuliko bawa lolote. Huzaifa akakanyaga mafuta. Ekzosi ikapasuka. Gari halikusogea.

Jeneza likafika. Watu wakagawanyika, wengine wakapita kulia, wengine kushoto, wamejibana baina ya gari na ukuta, na jeneza lenyewe likapita juu ya mikono, karibu sana na dirisha la Huzaifa hata angenyoosha mkono angeligusa. Fuad alikuwa mbele, ameweka bega.

"Kaka, shuka! Liache!"

"Natoka! Dakika moja tu!"

Na alishuka. Hapo palikuwa na njia mbili, na moja ilikuwa imebebwa mabegani mbele yake. Lakini watu wema, na mji huu una watu wema kupita kiasi, walikuwa wameshaliacha jeneza wakalizunguka gari. "Tumwinulieni ndugu yetu, ana msiba." Mikono ikashika kila mahali.

"Si bampa!" Huzaifa akapiga kelele. "Bampa halishikwi! Chini ya mlango, hapo! Wewe, ondoa mkono kwenye bawa! Bawa litavunjika!"

"Tunyanyue wapi sasa, kwenye rangi?"

"Haya, pamoja! Bismillah!"

Wakalinyanyua, na Ami Mzamil ndani yake. Na kwa kuwa walikuwa kwenye maziko, na ndimi zao zilikuwa zimeshaingia mdundo, walipopiga hatua ya kwanza wakaanza tena bila kufikiri: "La ilaha illallah... la ilaha illallah..." Mola atusamehe. Wanaume kumi na kitu wakalibeba Subaru juu ya tuta kwa dhikri.

"Nyamazeni nyie!" Ami Mzamil akapiga kelele kutoka ndani. "Maiti yuko mbele! Mimi bado!"

Wakaliweka chini. Huzaifa akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akainama atazame chini ya injini. Oili ilikuwa ikidondoka. Akatia kidole, akakinusa.

Ami Mzamil alikuwa ametolewa mikanda, amesimama barabarani amejishikilia mlangoni. Hakucheka safari hii. "Huzaifa," akasema. "Babako yuko wapi?"

Huzaifa akainua kichwa. Barabara mbele yake ilikuwa tupu.

Alikimbia. Mtu mzima, mwenye duka, alikimbia amekamata kanzu mkononi, makubadhi yakamtoka akayaacha. Alipoingia makaburini akawapenya watu mpaka ukingoni, akamkuta Fuad anapandishwa kutoka kaburini, vumbi mpaka kwenye ndevu.

"Nishuke," Huzaifa akasema. "Nishuke mara moja tu."

Mchimba kaburi alikuwa akiupachika ubao wa mwisho. Alimtazama kwa huruma, kisha akatikisa kichwa. "Ameshafunikwa, mwanangu. Hafunuliwi."

Wakampa mchanga autie kwa mikono, kama walivyompa kila mtu.

Jioni ile, watu wa mwanzo walipokwisha kuondoka, Bi Sheikha aliwaita wanawe chumbani alikokaa eda. Macho yake yalikuwa makavu kwa uchovu. Alimgeukia Huzaifa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeahidi.

"Ulimlaza vizuri, mwanangu? Uso wake ulikuwaje ulipoufunua?"

Fuad akaharakisha kusema, "Tulimlaza vizuri, Mama," lakini Huzaifa akamkatiza. Hilo lihesabiwe upande wake.

"Sikumlaza mimi, Mama. Nilikuwa kwenye gari."

Bi Sheikha alimtazama bila hasira, kama mtu ambaye kweli hakuelewa.

"Ukienda wapi?" akauliza.

Huzaifa akatazama kanzu yake, ilivyoingia oili magotini. Fuad akasogea karibu na mama yake, akamshika mkono, akaanza kumweleza taratibu jinsi mafundo ya sanda yalivyofunguliwa, jinsi shavu lilivyowekwa juu ya udongo na uso ukaelekea kibla, na kwamba alikuwa kama anatabasamu. Huzaifa alikaa palepale mlangoni akisikiliza habari za babake, kama mtu baki aliyepita kutoa mkono wa tanzia.