Jina Lililofungua Simu ya Mama Landry

Kabla ya kushika simu yake, Mama Landry hunawa mikono. Si kwamba mikono ni michafu; mtu anayesafisha wodi za hospitali kutwa nzima hunuka dawa mpaka kwenye viwiko. Ananawa kwa heshima tu. Tangu mwaka wa 2009, ndani ya ile simu imo benki.

Jina lake ni Léocadie, mtu wa Uvira, mji wa kando ya ziwa, lakini tangu amzae Landry hakuna anayemwita hivyo ila msimamizi wake wa kazini. Sisi ni majirani hapa Shard End, pembezoni mwa Birmingham, ghorofa moja, mlango kwa mlango. Mimi ni wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa lile lile, kwa hiyo tunaelewana vizuri, hata kama yeye husema "banafanya" pale mimi ninaposema "wanafanya". Mwanangu Nazir amejifunzia kutambaa kwenye zulia lake.

Zamani hela zake zilikaa kifuani. Siku ya mshahara alitoka kazini Harborne, akashuka mjini, akapanga foleni benki akiwa na sare yake, akatoa zote, akazifunga kwenye kitambaa na kuzisokomeza ndani ya sidiria. Kisha basi la pili mpaka huku kwetu, kakaa amejikumbatia kama mtu mwenye baridi. Kamlesh, Mhindi mzaliwa wa Kampala mwenye ofisi ya tiketi za ndege kule Sparkhill, alikuwa akimtania kwamba benki ya mama huyu ina vifungo viwili nyuma na haifungwi hata Jumapili. Mama Landry alicheka, lakini usiku aliamka mara kwa mara kujipapasa.

Halafu binti mmoja wa benki akamuuliza maswali ya usalama, akamuunganishia huduma ya simu. Mshahara wa kwanza ulipoingia, simu ililia akiwa bado ndani ya basi. Alinigongea mlango hata koti hajavua, akaninyooshea ile simu.

"Nisomee."

Nikamsomea.

"Tena."

Nikamsomea tena, naye akawa anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza kwaya. Tangu hapo nilimwona mara nyingi akifungua simu jikoni bila haja yoyote, anachungulia salio, anafunga, vile mtu anavyofunua sufuria ya maharage ili ayaone tu yanachemka. Alianza kulala. Hata ngozi yake ya uso ilibadilika.

Sasa, mama yake alikuwa Kampala tangu walipokimbia vita. Hawakuwa wameonana miaka mingi. Viza ya kuja kutembea ilikataliwa mara ya kwanza, mara ya pili ikatoka, lakini ikatoka na tarehe yake ya kuisha. Kamlesh akahangaika mpaka akapata kiti cha bei ambayo mfuko wa Mama Landry ungeiweza. Akamwambia wazi kwamba amemshikia mpaka Jumamosi saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo kompyuta inampa mtu mwingine, na kiti kinachofuata bei yake hata yeye aliona haya kuitaja.

Hela zilikuwepo. Zilikuwa kwenye akaunti ya akiba, alikozitenga zisichanganyike na za chakula. Jumamosi hiyo alikuwa zamu, na alipotoka kazini, benki zote zilishafunga. Enzi za sidiria, habari ingeishia hapo. Lakini aliingia kwake saa kumi hivi anacheka, akaniita nikaja na Nazir kiunoni.

"Mama Nazir, njoo uone. Benki iko hapa mkononi. Leo mama yangu anapata ndege."

Akanawa mikono. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuzihamisha hela kutoka akiba kwenda akaunti ya kadi, kisha kumpigia Kamlesh na kumsomea namba za kadi. Landry na mdogo wake Rosine wakasogea. Kila mmoja ana ushauri wake, birika linapiga mluzi, Nazir anataka kuivuta ile simu. Mama Landry akajaribu katikati ya kelele hizo. Akabonyeza namba ya siri, ikakataa. Akarudia, ikakataa. Mara ya tatu maandishi yakatokea kwamba kwa usalama wake huduma imefungwa, apige simu benki.

Nilimwona akitazama saa ya ukutani, halafu kifua chake.

Tukapiga, tukaweka sauti ya nje ili nimtafsirie. Akapokea mwanaume mpole, mwenye lafudhi ya hapa hapa Birmingham. Aliuliza tarehe ya kuzaliwa, akajibiwa. Anwani, akajibiwa. Kisha akauliza mama yake aliitwa nani kabla ya kuolewa.

"Goretti," akasema Mama Landry upesi.

Yule mwanaume akasema samahani, silo lililoandikwa. Imebaki nafasi moja. Likikosewa tena, aende mwenyewe benki Jumatatu na pasipoti.

Niliujua ugumu wenyewe. Kwetu mwanamke haachi jina kwa baba yake akavaa la mume kama kanzu. Mama yule alikuwa na la ubatizo, ndilo hilo Goretti. Alikuwa na alilopewa ukweni. Na mtaa mzima ulimwita Mama Léocadie. Siku ile ya kuunganishiwa huduma, Mama Landry alisema lipi kati ya hayo?

Kisha nikaona macho ya Mama Landry yamepata kitu. Alilikumbuka. Akafungua mdomo, akanitazama mimi, akawatazama watoto, akaufunga.

"Minalijua," akaninong'oneza. "Lakini siwezi kulitaja mbele yenu. Ni la utotoni. Ni bibi yangu peke yake alikuwa anamwita mama hivyo."

"Siku ile ulilitajaje?"

"Yule binti hakuwa mtu wetu. Aliniuliza mama aliitwa nani mbele ya kuolewa, mimi nikamwona mama akiwa kasichana, anaitwa aende mtoni. Nikasema tu."

Mtoto halileti ulimini jina la mama yake la usichana, tena wajukuu wakiwa wanasikia. Hilo hata Ujiji tunalijua. Lakini mzungu wa simu nitamwelezaje? Nilikuwa bado natafuta maneno ya Kiingereza, mwenyewe akanitangulia. Aliuliza mle chumbani kuna nani, halafu akasema kwa upole kwamba jibu hili mama aliseme mwenyewe, na mtu mwingine asilisikie, hata mimi mtafsiri. Ni siri yake na benki.

Nikamtafsiria. Mama Landry alinikodolea macho, kisha uso ukamfunguka wote.

"Kumbe nabo banajua heshima."

Tukatoka sote mpaka kwenye korido, nikauvuta mlango. Landry akalalamika kwa Kiingereza chake kwamba ni jina tu, si aliseme. Nikamwambia anyamaze, siku moja atakuwa na mke mwenye mama asiyetajwa jina. Kupitia kioo cha mlango nilimwona Mama Landry akifunga kilemba chake upya. Akatugeuzia mgongo, akainama kidogo vile tunavyoinama kumwamkia mtu mzima, akaweka kiganja pembeni ya mdomo. Akasema. Akangoja. Mabega yakashuka.

Alipofungua mlango simu ilikuwa tayari imefunguka, na hela zikahama mara moja, bila foleni, bila basi, bila kitambaa. Akampigia Kamlesh, dakika chache zimebaki.

"Mama, leo ile benki ya vifungo imechelewa kufunguliwa?"

"Ile nimeifunga, Kamlesh. Andika namba."

Tiketi ikatoka. Landry akamnyanyua Rosine juu, Nazir akapiga makofi bila kujua ya nini, na Mama Landry akakaa sakafuni pale pale, simu mapajani, akilia na kucheka kwa pamoja.

Bibi yao Landry alifika wiki iliyofuata, mdogo wa mwili, kavaa vitenge viwili juu ya sweta. Baada ya kula, binti yake akamsimulia habari yote ya simu na benki. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulibaambia jina gani?"

Mama Landry akamsogelea na kumnong'oneza sikioni. Bibi akaziba mdomo kwa mkono. Nilidhani amekasirika. Kumbe ni machozi, na nyuma ya machozi kicheko kilichomtikisa mpaka kilemba kikamwangukia puani.

"Hilo?" akasema. "Aliyeniita hivyo wa mwisho nilimzika mwenyewe. Na sasa banalitunza huku Ulaya."

Akanyoosha mkono, anataka kuiona hiyo simu inayomjua. Mama Landry akamshika kiwiko, akampeleka kwanza kwenye sinki.