Siku Ayeeyo Alipokataa Mkalimani

Katika siku zangu zote, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko nyingine ni ile niliyopasua cheti changu cha ndoa nikakitupa uani, na mbuzi wa jirani akala kipande chenye muhuri. Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Najua nasaha ni kazi ya wazee. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe; nina miaka ishirini na minane, kidato cha nne nilimaliza nikiwa nimeshaposwa, na hasira yangu haijapoa mpaka leo. Lakini wazee waliopaswa kuniambia haya walinishika sikio wakaniambia neno moja tu: subiri. Basi nitasema mimi. Soma, Hodan, ukishakua. Na kama wewe unayesoma si Hodan, leo wewe pia ni mwanangu.

Baba yako aliniacha mchana kweupe, uani kwa mama yake, hapa hapa Garissa. Wewe ulikuwa na miezi minane, nimekufunga mgongoni. Tuligombana, na sababu yenyewe haina faida kwako. Akasimama, akatamka: nimekuacha, talaka moja. Walikuwapo watu watatu wengine. Wawili walikuwa binamu zake. Wa tatu alikuwa mama yake, Ayeeyo Dahabo, bibi yako, ambaye alikuwa amechuchumaa akifukiza vibuyu vyake vya maziwa ya ngamia kwa moshi. Aliinua kichwa, akamtazama mwanawe, akarudi kwenye moshi wake.

Baba yako akaondoka wiki ile ile kwenda Takaba kufungua duka. Mimi nikatoa cheti sandukuni nikakipasua. Nilidhani ndoa huisha hivyo: mwanamume anatamka, mwanamke anapasua. Hasira hasara, wahenga walisema, nadhani walikuwa wakiniangalia mimi.

Ayeeyo alinikuta nikimfukuza yule mbuzi.

“Yeye ametamka, wewe umepasua,” akasema kwa Kisomali, lugha yetu ya nyumbani. “Nani ameandika?”

Nikamjibu kwa jeuri kwamba watu wazima wawili wamesikia, wanatosha.

“Hao wana miguu. Mvua ikinyesha utawaona?” Akaketi juu ya jerikani. “Ngamia asiye na chapa ni wa atakayemshika kwanza. Nenda kwa Kadhi ukaandikwe.”

“Mimi si ngamia, Ayeeyo!”

“Kweli,” akasema. “Ngamia ana chapa.”

Sikwenda. Nilimpigia baba yako simu, akaniambia ameshaandikisha talaka, nitulie. Nikatulia. Nikahesabu eda yangu ikaisha bila yeye kunirudia, nikaanza kuuza nguo za watoto sokoni, wewe ukaota meno, ukatembea. Hilo ndilo kosa langu na silipaki sukari. Mimi mwenye kidato cha nne nilitegemea neno la simu, na bibi asiyejua kuandika jina lake alikuwa ameshaona mbele.

Miaka miwili ikapita. Mwalimu Yusuf, huyu unayemwita baba mdogo, akaleta wazee wake kuniposa. Siku ikapangwa. Habari ilifika Takaba haraka kuliko lori. Baba yako akashuka Garissa na begi tupu mkononi, akaketi mbele ya wazee, akauliza, “Mke wangu anaposwaje? Nani alinisikia nikimwacha? Leteni karatasi.”

Begi lile, mwanangu, lilikuwa la nguo zangu.

Elewa nilipokuwa nimesimama. Kama hakuniacha, basi mimi ni mke wa mtu niliyekubali posa ya mwanamume mwingine, na jina langu lingekuwa limezunguka soko zima kabla ya adhuhuri. Na kama mimi ni mke wake, ningefungasha, nikubebe, nikaishi Takaba chini ya mtu aliyekwisha kuoa mwingine huko na ambaye kwa miaka miwili hakuuliza kama unakula. Wazee wakasema tusubiri. Wazee wa Mwalimu wakaondoka bila kumaliza chai. Mwalimu mwenyewe akasema atangoja, lakini nilimwona anatazama viatu vyake.

Na mashahidi? Binamu mmoja alikuwa na ngamia huko ng'ambo ya Hulugho, simu haishiki. Mwingine alikuwa akiuza dukani kwa baba yako, na mdomo unaolishwa haumng'ati anayeulisha. Wana miguu hao. Niliyasikia maneno ya Ayeeyo kama kofi.

Asubuhi yake nikaenda Mahakama ya Kadhi. Nilifika nimefura, niko tayari kupigana na mlango. Masjala, yaani chumba cha madaftari na majalada, nilimkuta karani, mama mmoja mwembamba mwenye miwani. Nikamwambia nataka talaka yangu, mume wangu ameiandikisha humu.

“Jina lake?”

“Dheere,” nikasema, jina la utani wanalomwita wote, yaani Mrefu kwa Kisomali.

Akavua miwani. “Dada, kila ukoo una Dheere wake. Humu ndani hakuna warefu wala wafupi. Nipe majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na mwaka.”

Nikaona aibu. Jina la babu yake ilibidi nilifikirie. Lakini huyo mama, Mungu amweke, hakunicheka. Alitoa daftari la talaka la mwaka ule, akapitisha kidole jina kwa jina, ukurasa kwa ukurasa, akatoa na la mwaka uliofuata. Hakukuwa na kitu. Baba yako hakuandikisha chochote. Alinidanganya kwa sauti tamu na mimi nikailalia. Nilianza kulia pale pale. Karani akasukuma kiti kwa mguu nikae, akatoa daftari jingine. Akasema, “Talaka yako haimo. Lakini ndoa yako imo.” Ndiyo ile, namba, tarehe, majina ya mashahidi, kila kitu alichokula mbuzi. Akanitolea nakala akaipiga muhuri. Kisha akanionyesha namna ya kufungua kesi: nieleze aliniacha lini, wapi, mbele ya nani, na niiombe mahakama ithibitishe talaka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile nilijua mtu pia hupotea hivyo hivyo.

“Shahidi wako ni nani?” akaniuliza akiwa ameshika kalamu.

Nilikuwa na mmoja tu aliyebaki mjini, na huyo alimzaa mshtakiwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nani ana uso wa kwenda kumwambia mama, simama umpinge mwanao? Sikuwa nao. Nikaandika jina langu peke yake, nikachukua tarehe, nikaenda zangu.

Siku ya kesi baba yako alikuja na shati limepigwa pasi, anasalimia kila mtu. Mimi nilikuwa na wewe na nakala yangu. Tulikuwa hatujaitwa ndani nilipomwona Ayeeyo langoni, ana vibuyu viwili vitupu, ameshauza maziwa yake. Hakunitazama, wala hakumtazama mwanawe. Akaketi benchi la nyuma.

Kadhi alikuwa mtu wa pwani, mtaratibu. Baba yako akasema hakuniacha kamwe, yalikuwa maneno ya hasira tu, na nani hana hasira nyumbani kwake? Mimi nikasema yangu. Kadhi akauliza kama yupo aliyesikia. Ayeeyo akasimama. Kadhi akaagiza mkalimani wa Kisomali asogee, naye Ayeeyo akamzuia kwa kiganja.

“Sitaki mkalimani. Yeye mtu mzuri, atalainisha. Mimi nasema mwenyewe, bole bole.”

Kiswahili chake, mwanangu, alikiokota kwa walimu na askari waliokuwa wakinunua maziwa. Wako watu hapa mjini wanaomcheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

“Huyu mtoto yangu. Mimi nimezaa yeye Bura, mwaka ya njaa. Hii mdomo yake mimi nimelisha maziwa, mimi nimelala njaa. Na hii mdomo imesema, nimekuacha. Masikio yangu imesikia.”

Baba yako akasema chini chini, “Hooyo, mama yangu, wewe ni mzee sasa, ulisikia vibaya.”

“Mimi nasikia mbuzi ikikohoa boma ya jirani,” akasema mama yake. “Wewe ulibiga kelele.”

Kadhi akafunika mdomo kwa mkono. Kisha akamwambia baba yako, kama unakana, utaapa. Msahafu ukaletwa. Baba yako akanyoosha mkono, na Ayeeyo akasema neno moja tu, safari hii kwa Kisomali: nitazame. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwita mtoto aje kunawa.

Mkono ukabaki hewani. Mwanangu, mimi nimemchukia baba yako kwa haki kabisa, lakini wakati ule nilimwona mdogo, ametoka machungani na amepoteza kondoo. Akaushusha mkono. Akasema, “Nilimwacha.” Kadhi akamuuliza kama alinirudia kabla ya eda kuisha. Akasema hapana. Kalamu ikaandika.

Yote yakaisha kwa muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Baba yako akampita mama yake mlangoni bila salamu, akapanda lori la Takaba na begi lake lile lile, tupu.

Nilimkuta Ayeeyo ameketi kivulini kando ya ukuta wa mahakama. Nikapiga magoti nikaishika mikono yake, nikauliza swali la kijinga: kwa nini? Ndipo akaniambia jambo ambalo hata baba yako halijui. Kabla ya babu yako alikuwa na mume mwingine. Mume huyo alimwacha kisimani, karibu na Bura, mbele ya watu waliokuja kunywesha ngamia. Mvua ikanyesha, watu wakahama. Mume akakana. Miaka minne Ayeeyo alikaa hivyo, si mke, si mjane, si msichana, mpaka mmoja wa wale wachungaji aliporudi kisimani kwa bahati tu.

“Mimi nilingoja mvua irudishe shahidi,” akasema. “Wewe usingoje. Shahidi alikuwa nyumbani.”

Wiki hiyo hiyo nikachukua cheti cha talaka kwa yule karani wa miwani. Nikampelekea Ayeeyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Akanifanya nikisome mara mbili, majina yote matatu ya kila mtu, kisha akatafuta muhuri kwa kidole gumba. “Chapa ni hii?” Nikasema ndiyo. Akaukandamiza kidogo, kama anayepima kidonda kimepona, akanirudishia.

Siku Mwalimu aliponioa, shehe alikitaka cheti hicho kabla hata ya kuketi.

Usidhani Ayeeyo hakulipa. Baba yako hakumpigia simu miezi mingi, na shemeji zake walimpita sokoni kama hawamjui. Hata hivyo kila lori la Takaba lilibeba samli ya mwanawe. Kumsema hakukumzuia kuwa mama yake. Sijaona mtu mkubwa kama huyo, na nimeona wenye magari.

Basi sikia, na usinijibu kwa jeuri kama nilivyomjibu yeye. Siku ya ndoa yako uliza imeandikwa wapi, ujue na jina la babu wa mumeo. Usipasue kitu chenye muhuri, hata kikikuchoma mkono. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Ukiachwa, au ukiwa wewe ndiye unayetaka kutoka, usikubali neno la simu wala la wazee wanaokuambia usubiri. Nenda mahakamani kwa miguu yako, ulione jina lako daftarini kwa macho yako, uchukue cheti, nakala moja umwachie mtu usiyegombana naye. Mimi namba ya kesi yangu nimeiandika ndani ya mlango wa kabati. Utaikuta hapo. Na ukiitwa siku moja kusema kweli dhidi ya wako mwenyewe, kumbuka ulitoka tumbo la nani, na ni bibi gani aliyesimama mahakamani kabla yako.

Mungu akupe mume ambaye hutahitaji kumtafuta daftarini. Na akikunyima huyo, Hodan wangu, asikunyime mtu wa kukataa mkalimani kwa ajili yako. Amin.