Nyuso Zilizorefuka Salamabila

Wewe unayenisikiliza, weka kidole kwenye kibonde kilicho juu ya pua, katikati ya macho. Shuka nacho mpaka chini ya kidevu. Huo ndio urefu wa uso. Sasa shika mashavu pale mfupa unapotokeza zaidi, kulia na kushoto. Huo ndio upana. Gawanya urefu kwa upana, zidisha kwa mia, na namba utakayoipata itakuambia kama uso wako ni mpana, wa kati au mrefu. Si vigumu. Nimewafundisha wengi katika shule yetu ya uuguzi hapa Kasongo, na hakuna aliyeshindwa.

Aliyeipenda kazi hii kuliko wote alikuwa binti wa mwaka wa mwisho, mtoto wa wakulima. Alitaka kupima nyuso za vijana kwa kazi yake ya kumaliza masomo, kwa sababu wanaotengeneza meno ya bandia huku kwetu hufuata vipimo vya watu wa mbali, na meno hayo huwakaa vibaya wazee wetu. Seremala wa sokoni alimchongea kipimo: rula ya mbao yenye mikono miwili, mmoja umekazwa, mwingine unateleza. Akapima vijana wa Kasongo, kisha wa kijiji cha Wamaza walipokuwa wakitoka kanisani. Wakabaki wachimba dhahabu wa Salamabila.

Huko kulikuwa na hofu. Wachimbaji wengi wametoka mbali, na mtu anayekuja kupima pua na mashavu hudhaniwa anatafuta nani mwenyeji, nani mgeni. Nilimshauri afanye kama tufanyavyo siku zote: asiende mikono mitupu, abebe makasu, zile mbegu chungu za kola za kutafuna, awagawie kwanza ndipo aeleze shida yake. Akafanya hivyo. Mmoja alimuuliza, "Docta, hii kipimo inatafuta wageni?" Kabla hajajibu, mwingine akadakia, "Itapata nini? Sisi wote tuko na uso moja, uso ya njaa." Wakacheka, wakatafuna, wakakubali. Naye akawaahidi kwamba hakuna neno baya juu yao litakalotoka katika daftari lake.

Daftari alilorudi nalo lilikuwa safi, kila mstari umenyooka. Lakini karibu kila mchimbaji alikuwa na uso mrefu. Mimi, mwalimu wake, nikafurahi. Nilimwambia ameona jambo jipya, aliandike.

Siku chache kabla ya kutetea kazi hiyo mbele ya walimu, mmoja wa wachimbaji alikuja Kasongo kumwona shangazi yake, akapita shuleni kutusalimu. Binti akampima tena ili nione. Uso ulikuwa umepungua milimita nne. Akarudia, ikawa ile ile. Kijana mwenyewe ndiye aliyetueleza, kwa upole, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Ile siku nilikuwa na makasu yako mu kinywa. Ulisema tufunge, nikafunga. Ningeitema namna gani mbele yako, dada?"

Hapo nikaelewa. Kutema zawadi ya mgeni mbele ya macho yake ni kumdharau. Kwa adabu, vijana wale walikuwa wameibana kola kwenye magego, wakafunga midomo bila meno kukutana. Kidevu kilishuka, uso ukarefuka. Na makasu yalikuwa ushauri wangu.

Nilimwambia awaondoe wachimbaji, abaki na Kasongo na Wamaza, ambako hakugawa makasu. Zilikuwa zimebaki siku sita, mvua zimeharibu njia ya pikipiki, na akikosa tarehe angengoja mwaka mzima. Alitikisa kichwa.

"Mwalimu, wenzangu wa darasa wamekwisha kuziona zile namba. Kesho mtu atasema wachimbaji ni watu wa uso mwingine, si wa hapa. Na mimi niliwaahidi."

Aliondoka alfajiri, kipimo kimefungwa kwenye kitenge. Safari hii aliwapa kwanza maji ya kusukutua, makasu baadaye. Walimtania sana, mmoja alimtaka aandike kwamba amegundua ugonjwa, "uso ya makasu". Lakini walijipanga wote, wale wale, hata waliokuwa ndiyo kwanza wanatoka shimoni na tope mwilini.

Alirudi siku moja kabla ya kutetea. Namba mpya zilitawanyika, wapana, wa kati na warefu, kama zile za Wamaza. Ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa kila mmoja na aina yake. Mbele ya walimu alianza na ukurasa wa kosa, akalieleza lote bila kunitaja, mpaka nikasimama mwenyewe kusema kwamba ushauri ulikuwa wangu. Mwalimu mkali kuliko wote akamuuliza, basi hao wachimbaji wana uso wa aina gani?

"Aina zote, Mwalimu," akasema. "Kama sisi tuliokaa humu."

Walimpitisha. Tangu siku hiyo nafundisha kazi hii kama alivyoifanya yeye, nawe uifanye vivyo hivyo: mpe mtu maji asukutue, mkalishe wima, mwambie aume magego polepole, kisha mpime mara mbili, siku mbili tofauti, kabla hujaandika kitu.