Chumvi Nyekundu ya Mpima Ramani

Nilikuwa nikisuuza karatasi za ramani ufukweni, chini ya boma. Mpima ramani, Mjerumani, alizipaka dawa ya chuma na chumvi nyekundu, akazianika juani, nasi wanawake watatu tukazitia ziwani mpaka zikawa buluu. Mume wangu alikuwa palepale, na mnyororo shingoni. Alikataa kubeba mizigo ya Wajerumani.

Siku moja kijana wa Kijerumani, mgeni wa mpima ramani, alimuuliza mwenyeji wake ile chumvi imeundwaje. Badala ya kuchora, mpima ramani akaagiza wafungwa saba.

Mume wangu akasimamishwa katikati. "Huyu ndiye chuma," mkalimani akatuambia. Sita wengine wakaamriwa wamshike: mmoja mbele, mmoja nyuma, wawili ubavuni, mmoja miguuni, wa mwisho mabegani kwake. Majina ya kitaalamu niliyapata uzeeni kwa mwanangu, mwalimu: wanaoshika ni ligandi, na sita hiyo ndiyo namba ya uratibu.

Askari akawazungushia mstari mchangani. Waliokuwa ndani walikuwa kitu kimoja, ioni changamano, yenye chaji hasi. Sisi wanawake tukawekwa nje. Tulikuwa potasiamu, kazi yetu kusawazisha chaji.

"Ukiitia chumvi hiyo majini?" mgeni akauliza.

"Walio nje wanaachana na walio ndani," mpima ramani akajibu. " Walio ndani hawaachani."

Askari akatusukuma ziwani mpaka maji yakatufika kifuani. Wazungu wakaenda barazani kunywa kahawa, bila kusema somo limekwisha.

Jua lilikuwa la utosi. Niliona mume wangu akielemewa na yule wa mabegani.

"Baba, kaa chini!" nikapiga kelele kwa Kinyakyusa.

Akajaribu. Askari akamchapa kiboko. Akasimama tena, kisha akaanguka na wote sita wakamwangukia, mnyororo ukakaza. Walipomtoa chini yao alikuwa amekwisha kukata roho.

Mpima ramani akaja na kikombe mkononi, akatazama, akasema neno moja. Mkalimani akainamisha uso.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

"Mwingine, mama. Anataka mwingine wa katikati."

Jioni mdogo wake marehemu alifika kutoka Bujonde kuchukua maiti. Alikuwa kijana mwenye nguvu, na askari waliliona hilo. Wakamfunga palepale, kwa mnyororo wa kaka yake.

Maiti tuliibeba sisi wanawake watatu, kwenye majani ya migomba. Mama mkwe alitupokea uani, akatazama nyuma yetu, akauliza mwanawe mdogo yuko wapi.