Yusufu Hakumzaa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa kidato cha nne wametawanyika, wengine wanauza asali Itigi, wengine hata sijui. Mimi nimebaki hapa Sepuka na kiti changu, kuku wangu na alizeti yangu. Mke wangu husema kivuli changu kinatembea kuliko mimi. Sibishi. Ndiyo maana siku ya kumaliza msiba wa baba niliamka kabla ya jogoo, nikitamani siku iahirishwe.

Ukoo wetu una desturi. Anayerithi fimbo ya baba husimama kwenye mlango wa zizi, mbele ya wazee, akawataja mababu kuanzia yule aliyefika hapa kwanza mpaka ajitaje mwenyewe: fulani akamzaa fulani. Anayekwama hapewi fimbo, na nyumba, zizi na mashamba hufuata fimbo.

Majina niliyajua. Kilichonitisha ni hatua ya mwisho. Marehemu hakunizaa. Mama alikuja kwake kutoka Sekenke nikiwa mgongoni, nanyonya kidole. Yeye akanipa jina la baba yake, akanilea. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema. Sasa pale mlangoni ningesema alinizaa, kaburi lake likinitazama? Na nisiposema, niende wapi? Sekenke sina hata mlango wa kupiga hodi.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa amekaa mbele kabisa. Ni mtu anayebishana na redio na kushinda.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona unatetemeka, unasikia baridi?"

Jua lilikuwa utosini.

Nikasimama. Ng'ombe walinipumulia shingoni. Nikamtaja wa kwanza, akamzaa wa pili, wa pili akamzaa wa tatu. Hapo wazee wakainama mbele kusikiliza vizuri, na kichwa changu kikawa kitupu kama debe. Ulimi, ulipoona mwenyewe kakimbia, ukashika njia uliyoizoea: ukoo wa Masihi, niliokaririshwa kwenye mafundisho ya kipaimara mpaka nikashinda mche wa sabuni. Nikajisikia nikisema, "Akamzaa Boazi. Boazi akamzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi."

"Kumbe sisi ni wafalme," mzee mmoja akasema, "na bado tunachunga wenyewe."

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

"Mwacheni," akasema baba mdogo. "Anakwenda vizuri. Endelea, mwanangu."

Nikaendelea, maana kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi. Nikampita Sulemani, nikawapita waliohamishiwa Babeli, jasho likiingia mpaka kwenye viatu. Nilipomkaribia Yakobo ndipo nikaona ninakokwenda. Ningegeuka, lakini njia ile haina pa kugeuzia.

"Yakobo akamzaa Yusufu," nikasema, nikakwama.

"Ehe," akasema baba mdogo, polepole. "Na Yusufu akamzaa nani?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Hakumzaa." Sauti ilinitoka kama ya kifaranga. "Alimkuta mama ana mimba tayari. Akampa mtoto jina, akamlea kama wake. Ndivyo Masihi alivyoitwa mwana wa Daudi."

"Wayahudi hawalikubali hilo," akasema. "Nimesikia redioni. Kwao Masihi lazima ashuke kutoka kwa Daudi, baba kwa mwana. Mpaka leo wanamngoja wa damu."



"Wana haki yao," shangazi akasema kutoka upande wa wanawake, kisu kikiwa ndani ya boga. Yeye ndiye dada yao mkubwa. "Wao wanamtafuta mrithi wa Daudi. Sisi tunatafuta wa kunywesha ng'ombe. Huyu mwoga hatoki nyumbani. Ng'ombe wataibwa saa ngapi?"

"Sijakuuliza, dada."

"Hujaniuliza tangu uzaliwe. Aliyempa jina la baba yetu ni kaka yako. Kamuulize, kaburi lile pale."

Baba mdogo akaliangalia lile tuta la mawe. Aliliangalia mpaka nikatamani angenitukana tu yaishe.

"Rudia," akasema. "Wa kwetu, sio wa Bethlehemu."

Nikarudia. Majina yakaja yenyewe, moja baada ya jingine, mpaka kwa marehemu. Nikafumba macho.

"Huyu akanipa jina," nikasema, "akanilea."

Nikangoja kuambiwa niondoke. Kitu kigumu kikanigusa kifuani. Sikujua kama nasukumwa au napewa, nikakishika hivyo hivyo. Ilikuwa fimbo. Baba mdogo hakuachia upande wake mara moja.

"Siku nikisikia ng'ombe mmoja kapotea," akasema, "nitawakumbuka Wayahudi."

Mpaka leo, kila jioni nawahesabu, nawahesabu tena, ndipo nafunga zizi.