Ua la Bomani na Jembe la Sijaona

Bibi yangu Sijaona hakuwa mpole, na anayekwambia alikuwa mpole hakumjua. Askari wa Mdachi walipochoma nyumba za Chilangala wakati wa Maji Maji, alitoka na mama yangu mgongoni na jembe mkononi. Vingine vyote viliteketea.

Vita vikaisha, wakawa wanalala kwenye kibanda cha matawi, kuta za nyumba mpya zimesimama bila paa, na mvua ilikuwa karibu. Nyasi za kuezekea zilipatikana sehemu moja tu, mbugani nyuma ya kijiji. Huko nako ua moja geni lilikuwa limeshafika. Mzungu wa bomani alilipanda kupamba mlango wake, la njano, zuri kweli, lakini mbegu zikaenda na upepo, likamea mbugani na kuzisonga nyasi. Amri ikatoka: lisiguswe, ni mali ya Bwana Mkubwa.

"Mali yake ikae kwake!" Bibi akasema. Akaita wanawake sita kwa mkumi. Mkumi ni kazi ya kusaidiana, mwenye kazi anapika, na sheria ni moja tu: aliyekula lazima ashike jembe.

Walikuwa wameanza kung'oa maua na kukata nyasi zilizobaki chini yake, wakapumzika kula, mara akatokea Akida Haji, mtu wa pwani aliyewekwa na Wadachi kutusimamia. Njaa ilimuuma. Wakamwamkia, akakaribishwa, akala ugali na mbaazi mpaka akalamba vidole. Ndipo akayaona maua yamelala chini.

"Nani kawaruhusu? Mtachapwa viboko wote!"

Bibi akamnyooshea jembe. "Bwana Akida, umekula ugali wa mkumi. Shika."

"Mimi? Thubutu!"

"Basi tapika."

Lo! Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Akida aliwajua: kesho angeimbwa kwenye kila kisima kwamba anakula vya watu na kukimbia kazi. Akalipokea jembe, akang'oa shina moja kwa hasira, akalitupa. "Haya!"

"Haya," Bibi akasema, akiliokota lile shina. "Sasa na wewe umeng'oa. Twende wote bomani ukatushtaki."

Akida aliondoka bila kuaga. Nyumba ikaezekwa wiki ileile, na mvua ya kwanza ilimkuta mama yangu amelala pakavu.

Ua lile halikwisha, hata leo limejaa mbugani. Bibi aliling'oa mpaka mikono ikamkatalia, sasa naling'oa mimi. Anayetaka kunikataza aje. Ugali upo.