Ukuta Uliokula Udongo

Siku arubaini za uzazi wangu wa pili nilizilala karibu na mlango mpya, na mpaka leo sijui lipi niliota na lipi niliona. Mto Tana ulikuwa umefurika hadi kwenye migomba yetu. Sauti ya maji ilipita ndani ya ukuta, si nje, ndani kabisa, kama mtu anayesoma peke yake.

Mlango ule ulikuwa fahari ya mume wangu. Garsen ya siku hizo wengi tulifunga nyumba kwa jamvi. Yeye akaufuata wa mbao Kipini, akarudi nao siku nne kwa mtumbwi, akausimamisha huku akiimba. Ndipo ikaonekana kwamba tundu alilolitoboa ukutani lilizidi miimo ya mlango kwa ngumi mbili. Ukuta wenyewe ulikuwa wa safu mbili za miti, na udongo uliojazwa katikati ulikuwa umeshuka ukaacha uwazi. Upepo wa mtoni ukapita humo, ukatokea kitandani kwa mwanangu.

Wa kwanza alikufa kwa kifua, hajatimiza mwezi. Huyu naye akaanza kukohoa siku ya tisa. Niliogopa, sina la kuficha. Niliogopa hata kumzoea.

"Udongo tu," akasema mume wangu. Akatia kapu la kwanza, likashuka ndani ya ukuta, pwaa! La pili, la tatu. Ebo! Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tulikuwa nao, na ndio uliokuwa ukila vizibo. Nikamwambia, "Bwana, utaumaliza ukingo wa mto." Akanuna kutwa nzima.

Alijaribu nyasi. Za bonde zote zilikuwa majini, na hizo mbichi ziliteleza zikaufuata udongo. Kilitakiwa kitambaa kisokotwe, kichovywe kwenye tope, kikazwe baina ya miti ili udongo upate pa kushika. Nani alikuwa na kitambaa cha ziada? Leso zangu za arusi ndizo zilizomfunika mtoto.

Tulikuwa tukikaa na mavyaa, mama mzazi wa mume wangu. Hatukupendana. Wallahi simsingizii marehemu: aliniita mvivu asubuhi na jioni, nami nikamjibu kimoyomoyo, tena kwa maneno mazito kuliko hayo.

Asubuhi moja mtoto alikohoa hadi midomo ikageuka rangi. Mavyaa akainuka, akafungua kikapu alichokuwa akikilalia kichwa, akatoa bafta nyeupe, mpya, inanukia udi. Nikaijua. Vikongwe wa kwetu walijiwekea kila mmoja yake. Ilikuwa sanda.

"Mavyaa, hiyo siyo!" nikapiga kelele.

"Nyamaza, mvivu we. Maiti hasikii baridi."

Akaichana. Mlio wa kitambaa kile naukumbuka kuliko sauti yake. Akasokota, akachovya, akashindilia kwa vidole vyake mwenyewe kutoka chini hadi juu, mwanawe akimpokeza udongo na machozi yanamtoka. Udongo ukashika. Upepo ukakatika, na mto ukanyamaza ukutani. Nililia kwa haya, nikajifunika uso.

Mtoto akapona. Mavyaa hakuacha kuniita mvivu, ila sasa nilikuwa nikiitika.

Alifariki masika ya mwaka wa pili. Bafta nyingine ilipatikana Kipini tu, na maziko hayangoji mtumbwi. Mume wangu akausimamia ukuta na jembe mkononi, ataka kuubomoa amtolee mamake kilicho chake. Nikamshika mkono. Nikazileta leso zangu za arusi, nikazifua, nikaziunga kwa sindano hadi vidole vikafa ganzi, mavyaa akavishwa hizo.

Walipomtoa, mwanangu alikuwa amelala pale pale kando ya mlango, jasho jembamba kwenye paji la uso. Wanaume wakamruka mmoja mmoja na jeneza begani. Hakuamka, wala hakukohoa.